Mwana wa Mfalme Aliyeacha Chuo

Mwaka juzi, saa tatu usiku, rafiki yangu alinipigia simu akaniuliza swali moja tu: "Buda, bado unaimba besi?"

Nilikuwa sijaimba tangu shule ya upili, enzi zile tulipokuwa tukipakiwa kwenye basi la shule kwenda tamasha la muziki na kurudi sauti zimekwisha. Nikamwambia hivyo. Akasema haidhuru, wanachotaka ni wanaume, na hata wasiojua noti watafundishwa hapo hapo.

Jumamosi nikashuka tao. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, viti vya plastiki, na piano ambayo vibao viwili vya katikati vilikuwa vimekufa. Wanawake walijaza safu tatu. Wanaume tulikuwa 11. Mwalimu wa kwaya alituhesabu mara mbili, kama makanga anayetumaini kuna abiria alijificha kiti cha nyuma, halafu akatuambia kwamba kazi tunayotaka kuimba inahitaji wanaume kama 40 hivi.

Kazi yenyewe ilikuwa The Student Prince, opereta ya mwaka 1924. Kwa asiyejua, opereta ni kama mdogo wake opera: watu wanaimba kwa sauti zilizofunzwa na okestra nzima inawasindikiza, lakini katikati wanaongea, wanataniana, na hadithi karibu kila mara ni ya mapenzi. Ya hii ni rahisi. Mwaka 1860, katika ufalme mdogo wa kubuni unaoitwa Karlsberg, kuna mwana wa mfalme kwa jina Karl Franz ambaye amelelewa ndani ya kuta za kasri bila rafiki hata mmoja wa rika lake. Anapelekwa kusoma Chuo Kikuu cha Heidelberg, akiandamana na mwalimu wake mzee, Dkt. Engel. Huko anaonja maisha: wenzake, nyimbo, bia, na Kathie, msichana anayehudumu kwenye nyumba ya wageni anamokaa. Miezi michache tu, halafu habari inakuja kwamba babu yake mfalme anaumwa. Lazima arudi nyumbani. Anaacha chuo, anaacha msichana, na mwisho anamwoa binti mfalme aliyechaguliwa zamani na wakubwa.

Mwalimu wa kwaya alipofika hapo pa kuacha chuo nikainamisha kichwa, nikajifanya nasoma noti. Mimi niliondoka chuoni mwaka wa tatu, muhula wa pili. Sikuitwa nyumbani kutawala. Deni la karo lilifika mahali jina langu halikuwa tena kwenye orodha ya mtihani, nikawaambia makomredi wa chumba changu kwamba nitarudi muhula ujao. Hiyo ni miaka minne sasa.

Kwa hivyo nilirudi kwa keja usiku ule nikaanza kuisoma historia ya hii kitu, na sijamaliza hadi leo.

Tuanze na jamaa aliyetunga muziki. Sigmund Romberg alizaliwa mwaka 1887 huko Nagykanizsa, Hungaria, kwenye familia ya Kiyahudi. Wazazi walitaka awe mhandisi, wakampeleka Vienna. Sasa fikiria: unampeleka kijana mwenye masikio Vienna, mji ambao wakati ule opereta ilikuwa ndiyo burudani ya mjini, ati akasome mambo ya madaraja. Alimaliza muda mwingi kwenye majumba ya maonyesho. Mwaka 1909 akavuka bahari hadi New York, akafanya kazi kwenye kiwanda cha penseli, halafu akawa mpiga piano kwenye mikahawa. Kazi ya mkahawa ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1914 ndugu wawili, Lee Shubert na J. J. Shubert, walimwajiri awatungie nyimbo.

Hao Shubert lazima uwaelewe, maana bila wao hakuna hadithi. Walikuwa ndugu watatu waliotoka kwenye umaskini. Sam, aliyekuwa kichwa cha biashara, alifariki mwaka 1905 baada ya ajali ya treni huko Pennsylvania. Lee na J. J. wakaendelea, wakajenga na kukodi majumba ya maonyesho hadi wakawa wakubwa wa Broadway, ingawa wenyewe kwa wenyewe walikuwa na vipindi virefu vya kutosemezana. Lee alishughulika zaidi na pesa na tamthilia za maneno. J. J. ndiye aliyekuwa mwenye muziki, na alijulikana kwa hasira. Romberg kwake alikuwa mfanyakazi wa kutoa nyimbo kama mkate unavyotoka jikoni: leo tano, wiki ijayo nane, ziingizwe kwenye maonyesho ya vichekesho na miguu ya wasichana.

Lakini mwaka 1921 Romberg alifanya opereta iitwayo Blossom Time akitumia tuni za Franz Schubert, na ikavuma. Maneno yaliandikwa na Dorothy Donnelly. Huyu mama sijui kwa nini hatajwi zaidi. Alikuwa mwigizaji mkubwa kabla ya kuwa mwandishi. Yeye ndiye aliyemwigiza Candida, kwenye tamthilia ya Bernard Shaw, ilipoletwa New York mwaka 1903, na mwaka 1910 alisifiwa sana kwa kuigiza Madame X. Alipochoka kuigiza akageukia uandishi, kwenye biashara iliyojaa wanaume wenye sigara. Alifariki mapema, mwaka 1928. Ni yeye aliyeichukua tamthilia ya Kijerumani ya Wilhelm Meyer-Förster, Alt-Heidelberg, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1901, akaigeuza kuwa opereta. Na ni yeye pamoja na Romberg waliotaka wanaume wengi.

Hapo ndipo vita vilipoanzia.

Broadway ya miaka ile ilikuwa na mazoea yake. Kwaya ya jukwaani maana yake ilikuwa wasichana: warembo, miguu mirefu, wakati mwingine sauti ndogo tu. Mteja alinunua tiketi kwa ajili ya macho. Romberg akaja na wazo la kwaya ya wanaume makumi kwa makumi, wamevaa kofia za wanafunzi na buti, wanaimba kwa sehemu nne. J. J. aliona huu ni wazimu. Nani atalipa pesa yake kutazama madume yakiimba? Halafu kuna ule mwisho. Opereta ya Broadway ilipaswa kuishia kwa busu na harusi, watu watoke wakipiga mbinja. Hii inaishia kwa watu wawili wanaopendana kuagana, kila mmoja akaenda zake. Na muziki wenyewe, kwa maoni ya J. J., ulikuwa mzito, unakaribia opera. Hadithi inayosimuliwa tangu hapo ni kwamba walipigana hasa, Romberg akatishiwa kufukuzwa, na mambo yakakaribia mawakili. Romberg akatia ngumu. Kwaya ikabaki. Mwisho ukabaki wa huzuni.

Ni rahisi kumcheka J. J. Nilimcheka pia, mpaka nilipokaa chini kupiga hesabu za ule ukumbi wetu wa viti vya plastiki. Mtu mmoja jukwaani ni mavazi, viatu, nauli na chakula. Zidisha mara 40, halafu ongeza wasichana, wahudumu, maafisa wa kasri, waimbaji wakuu na okestra. Hao 40 huwezi kuwatumia kwa dakika kumi ukawarudisha nyumbani. Wanakaa nyuma ya pazia saa tatu nzima, kila usiku, wakisubiri zamu yao, na Jumamosi wote wanataka mshahara. Waigizaji wanne kwenye tamthilia ya sebuleni wanaweza kukuletea faida hata ukumbi ukiwa nusu. Kwaya kubwa haikusamehi hata wiki moja ya viti vitupu. J. J. hakuwa mjinga. Alikuwa mtu anayejua bei.

Na bei ilikuwa imepanda kwa sababu nyingine. Mwaka 1919 waigizaji wa Marekani waligoma kupitia chama chao, Actors' Equity. Kabla ya hapo mtu wa kwaya alifanya mazoezi wiki baada ya wiki bila senti, na mara nyingi alijinunulia viatu na soksi za kuvaa jukwaani. Onyesho likifungwa baada ya siku tatu, basi, asante, kwaheri. Katika mgomo ule watu wa kwaya wakaunda chama chao, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Marie Dressler, ambaye mwenyewe alianzia kwenye kwaya. Mameneja, akina Shubert wakiwemo, walipinga kadiri walivyoweza. Wakashindwa. Mazoezi ya bure yakawekewa kikomo. Hayakuisha, lakini angalau yalikuwa na mpaka. Kwa hiyo Romberg alipodai kwaya ya wanaume mwaka 1924, alikuwa akidai kundi la watu wenye mkataba. Mimi ninayeandika kwa malipo ya "utapata jina" nimeisoma hiyo sehemu ya historia mara nyingi kuliko inavyofaa.

Sasa ufundi wenyewe. Kwaya kubwa ya wanaume hufanya nini ambacho watu wanane hawawezi? Jibu la kwanza ni nguvu tu. Mwaka 1924 hakukuwa na maikrofoni jukwaani. Jumba walilotumia, Jolson's Theatre kwenye barabara ya Seventh Avenue na mtaa wa 59, lilikuwa na viti zaidi ya 1,700. Sauti ilibidi itoke kifuani mwa mtu, ipite juu ya okestra, imfikie aliyekaa nyuma kabisa kule juu kwenye tiketi ya bei rahisi. Lakini jibu la pili ndilo lililonishika. Wanafunzi wa The Student Prince hawaingii wakiwa wameanza kuonekana. Wanaanza kusikika. Bustani ya nyumba ya wageni iko tupu, mhudumu anapanga meza, na mbali kabisa wimbo wa kuandamana unaanza, mdogo, kama redio ya jirani. Unakaribia. Unakua. Halafu wote wanamwagika jukwaani kwa pamoja, na ile bustani iliyokuwa tupu haina tena mahali pa kukanyaga.

Jaribu kuifanya hiyo na watu 11. Tulijaribu. Tulisikika kama watu 11 wanaotafuta mlango.

Na kwa kijana mpweke kama Karl Franz, hiyo ndiyo hadithi yote. Kabla hajampenda Kathie, anapenda kwanza ule umati. Anapenda kuitwa, kuvutwa mkono, kupewa kofia ya chama chao. Yeyote aliyewahi kufika chuo siku ya kwanza na sanduku lake, akasikia kelele za makomredi kutoka hosteli kabla hajaona hata sura moja, anajua Romberg alikuwa anatafuta nini. Ukipunguza kwaya ili kuokoa pesa, umemwondolea kijana kitu anachopoteza baadaye, na machozi ya mwisho yanakuwa ya msichana peke yake.

Opereta ilifunguliwa New York tarehe 2 Desemba 1924. Howard Marsh alikuwa mwana wa mfalme, Ilse Marvenga alikuwa Kathie. Usiku mmoja tu kabla yake, tarehe 1 Desemba, kwenye mtaa wa 42, ndugu wawili akina Gershwin walikuwa wamefungua Lady, Be Good!, yenye jazi, magari, na Fred Astaire akicheza densi na dada yake Adele. Ungemwuliza kijana yeyote mwerevu wa mjini wiki ile ni onyesho gani lina maisha mbele yake, angekwambia la jazi. Na kwa historia ya muziki angekuwa sahihi. Lakini Lady, Be Good! ilionyeshwa mara 330. Ile ya kofia na buti na mwisho wa kulia ilionyeshwa mara 608. Hakuna onyesho la muziki lililoanza Broadway miaka ya 1920 lililodumu kuliko hilo, halafu makundi ya kuzunguka yakalipeleka miji ya Marekani kwa miaka mingi. London, ajabu, hawakulitaka sana: lilifunguliwa Februari 1926, likafungwa baada ya maonyesho 96.

Kwa nini New York walilipenda hivyo? Sababu moja ni ya kuchekesha. Tangu Januari 1920 pombe ilikuwa marufuku Marekani nzima, na ingekuwa marufuku hadi Desemba 1933. Watu wakalipa pesa kutazama wanaume makumi wakiinua magi na kuimba wimbo wa kunywa kwa sauti ya kutikisa dari. Sisi ambao tulikuwa na sheria yetu ya kupiga marufuku chang'aa tangu 1980 hadi 2010 hatuhitaji kuelezwa. Kitu kikikatazwa, utamu wake huhamia kwenye wimbo.

Sababu ya pili si ya kuchekesha. Marekani ilikuwa imetoka kupigana na Ujerumani mwaka 1917 na 1918. Wakati wa vita ile opera za Kijerumani ziliondolewa kwenye jumba kubwa la Metropolitan. Romberg mwenyewe alikuwa ameonja: onyesho lake la 1917, Maytime, lilitokana na kazi ya Kijerumani, ikabidi hadithi ihamishwe kutoka Berlin hadi New York ndipo ikubalike. Miaka sita baada ya vita, huyo huyo anawaletea Waamerika vijana wa Kijerumani waliovaa sare, wanaandamana, wanaimba. Na ukumbi unalia kwa upendo! Siri iko kwenye tarehe. Mwaka 1860 hakukuwa na dola moja iitwayo Ujerumani, iliundwa 1871. Karlsberg haipo kwenye ramani yoyote. Donnelly na Romberg waliwapa watazamaji Ujerumani ya kabla ya kosa, isiyo na Bismarck wala Kaiser, ambayo mtu angeweza kuikumbuka kwa mapenzi hata kama hakuwahi kuwa huko. Nadhani Waamerika wenye asili ya Kijerumani, ambao miaka michache nyuma walikuwa wakificha majina yao, walikaa kwenye viti vile wakapumua.

Lakini ukitaka kuwa mkweli, Heidelberg ile haikuwa tamu hivyo. Vyama vya wanafunzi vilivyo kwenye opereta vilikuwepo kweli, na kazi yao kubwa baada ya bia ilikuwa kukatana nyuso kwa panga. Mark Twain alikaa Heidelberg mwaka 1878 akaenda kutazama mapambano hayo, na alichoandika kina damu nyingi kuliko opereta yoyote. Kovu la shavuni lilikuwa cheti cha kuonyesha umetoka ukoo gani. Na Kathie? Kathie anawajua wanafunzi wote kwa majina, anawapelekea bia, anaimba nao, wanamwinua begani. Hangeweza kamwe kuingia darasani. Jimbo la Baden, lenye Heidelberg, lilifungua vyuo vyake kwa wanawake mwaka 1900 tu, na lilikuwa la kwanza Ujerumani. Kwenye hadithi tunaambiwa kikwazo cha mapenzi yao ni taji la mfalme. Mimi naona hata asingekuwa mfalme, chuo kile kilikuwa na geti, na Kathie alikuwa upande wa nje, na trei mkononi.

Geti nyingine ilikuwa New York kwenyewe. Mitaa michache kaskazini ya Jolson's, mtaa wa 63, Mei 1921, Waamerika weusi walikuwa wamefungua onyesho lao, Shuffle Along, la Noble Sissle na Eubie Blake. Ndani yake waliweka wimbo wa mapenzi wa dhati, kijana mweusi na msichana mweusi wakiambiana wanapendana, bila kuchekesha. Wenyewe wamesimulia jinsi walivyoogopa wimbo huo usiku wa kwanza. Watazamaji wazungu walizoea kumwona mtu mweusi akianguka, akikodoa macho, akicheza. Mapenzi ya heshima walidhani ni ya watu wengine. Sissle anasema baadhi yao walisimama karibu na mlango wa nyuma, tayari kukimbia, wakamwacha Blake peke yake kwenye piano. Wimbo ukapigiwa makofi, ukaombwa tena. Onyesho likafika mara 504.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba Romberg alipigana mpaka karibu na mahakama ili mzungu mmoja wa kubuni aruhusiwe kuvunjika moyo jukwaani mbele ya kwaya kubwa, namheshimu. Halafu nakumbuka wale waliosimama karibu na mlango. Paul Robeson, sauti ya besi iliyowahi kuimba kwa muda mfupi ndani ya Shuffle Along, miaka kadhaa baadaye alicheza filamu Uingereza, Sanders of the River ya 1935, na kwenye umati wa Waafrika nyuma yake alikuwepo kijana mmoja aliyekuwa akisoma London na kutafuta chapaa ya kula: Jomo Kenyatta. Rais wetu wa kwanza naye aliwahi kuwa mtu wa kujaza jukwaa.

Filamu za The Student Prince zina vituko vyake. Ya kwanza maarufu, ya Ernst Lubitsch mwaka 1927, ni ya bubu. Ndiyo, walichukua hadithi ambayo ulimwengu uliijua kwa kuimba wakaifanya bila sauti, na cha kushangaza ni nzuri sana. Ya pili, ya MGM mwaka 1954, ilikusudiwa kwa Mario Lanza. Alirekodi nyimbo zote, halafu akagombana na mwongozaji na studio, akaondoka, kesi ikafuata. Studio ikabaki na sauti isiyo na mwili. Wakamchukua Edmund Purdom, kijana mrefu mwenye sura, akafungua mdomo na sauti ya Lanza ikatoka. Wanaowasema wasanii wa siku hizi kwa kuimba na CD wajue mambo yalianza zamani.

Na Heidelberg yenyewe? Wajerumani walikuwa na tamthilia yao, opereta hawakuihitaji. Baada ya Vita vya Pili mji ukawa makao ya jeshi la Marekani, na watalii wa Kimarekani wakaja wakiuliza ziko wapi zile bustani za wimbo. Mwaka 1974 opereta ikaanza kuimbwa kwenye ua wa ngome ya Heidelberg wakati wa kiangazi, kwa Kiingereza, na ikawa desturi kwa miaka mingi. Mji ukaanza kuigiza ndoto ambayo Broadway iliota juu yake.

Sisi hatukuipeleka jukwaani. Pesa ya ukumbi iliisha kabla ya wanaume kutimia. Wiki bora kabisa tulifika 14. Lakini kuna kitendo cha mwisho ambacho tulikifanyia mazoezi hadi mwisho. Karl Franz sasa ni mfalme. Miaka miwili imepita. Anarudi Heidelberg siku moja tu. Bustani ni ile ile, nyimbo ni zile zile, lakini ameshakuwa mgeni. Anaagana na Kathie. Mwalimu wa kwaya alimwambia teno wetu, kijana anayeuza simu Luthuli Avenue, asilie kabisa pale. "Wewe unajua ratiba ya treni. Imba kama mtu anayeangalia saa."

Mimi nilipita chuoni kwetu mwaka jana, nikielekea kumhoji mtu kwa makala nyingine. Niliteremka kituo kimoja mbele ili nisipite geti kuu.

Jumamosi ya mwisho mwalimu alitutoa nje wanaume wote 14, mpaka kwenye ngazi za ghorofa ya chini, tuanzie huko ule wimbo wa kuandamana na kupanda taratibu, tusikike kabla ya kuonekana. Tulianza vizuri. Tulipofika ghorofa ya pili askari wa jengo alikuja mbio na kitabu chake cha wageni, akauliza hizi ni kelele gani, ni mgomo? Tukamwambia sisi ni wanafunzi.

"Wa chuo gani?"

"Heidelberg," mmoja akajibu.

Askari akalowesha kalamu kwa ulimi, akatuomba tutaje herufi moja moja, akaandika.